Mbuzi Mmoja kwa Kila Bunduki

Kuna siku nilisimama mbele ya wanaume wote wa kijiji chetu, nikafungua ngozi ambayo kila mtu alijua ndani yake mna bunduki.

Ndani mlikuwa na bomba.

Bomba la maji, ndugu zangu. Kipande cha pampu ya kisima kilichoharibika zamani.

Usicheke kwanza. Kile kipande kilinilinda mimi na mwanangu karibu mwaka mzima. Na siku niliyokifungua ndiyo siku niliyoona wanaume wazima wakilia kama wamefiwa.

Naitwa Akidor. Hii ni miaka ya tisini, wakati wa ule ukame ulioua mifugo mpaka fisi wakachagua nyama. Nilikuwa mjane, naishi kupita Lorugum, upande wa milimani, na binti yangu Nabei ambaye hata miaka miwili hakuwa amefikisha. Marehemu mume wangu aliniachia mbuzi wachache na AK yake.

Kwetu wakati ule bunduki haikuwa maringo. Kulikuwa na ngoroko, majambazi wa mifugo, na hao walichagua boma kama mama anavyochagua nyanya sokoni. Wanabonyeza kwanza. Wakiona ni laini, wanabeba.

Basi mbuzi wangu wakafa mmoja mmoja, akabaki jike wa rangi ya majivu aliyetoa maziwa kidogo. Nabei akaanza kuvimba miguu, nywele zikageuka nyekundu. Nikaona mtoto ananitoka hivi hivi.

Nikaificha bunduki katikati ya mzigo wa kuni, nikaenda Kakuma. Kule kambini nilizoea kuwauzia wakimbizi kuni, na nilikuwa na rafiki, Aluel, mama Mdinka aliyekimbia vita kwao na kuzika watoto wawili njiani. Nilipofungua mzigo, akaitazama ile bunduki kwa muda mrefu.

"Mtoto hapana kula bunduki, mama Nabei," akasema.

Akanitafutia mnunuzi, mtu wa kupita tu, sikumuuliza jina. Nikarudi nyumbani na mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Miguu ya Nabei ikashuka. Sijawahi kujuta kuiuza, hata leo.

Lakini sasa boma langu lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa mwanamke peke yangu.

Hapo ndipo nikaokota lile bomba. Nikalifunga kwenye ngozi ile ile ya mume wangu, nikaacha mdomo uchungulie, nikaupaka mafuta na masizi. Bunduki za kwetu zilifungwa ngozi kwa sababu ya vumbi na macho ya serikali, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kila jioni nilikaa mlangoni nimelipakata. Wanaume wakipita wanasalimia kwa heshima zote: "Ejok, mama Nabei. Wewe unalinda sisi."

Nami najibu ejok, naivuta ngozi isifunguke.

Halafu akaja Adome.

Adome alikuwa mwalimu aliyeacha chaki, anakaa Kanamkemer pale Lodwar. Nikwambie mapema ili usipoteze muda kumngoja akimbie na mali ya watu: hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwenye imani, na imani yake nusura ituue.

Alitukusanya kwenye mchanga wa lugga, ule mto wetu uliokauka, akatueleza kwamba serikali inataka kukusanya bunduki za wafugaji, na wale wanaotuvamia kutoka ng'ambo ya mpaka hakuna atakayewagusa. Yeye na wenzake wameanzisha chama cha kutetea haki yetu ya kubaki na bunduki. Kuna wakili Nairobi. Ila wakili hali mawe. Kwa hiyo kila mwenye bunduki atoe mbuzi jike mmoja kwa kila bunduki, wafugwe kwake mpaka wakili aje, ndipo wauzwe.

Kukawa na kelele.

Akuwam, mzee mbishi ambaye angebisha hata na mvua, alikataa kabisa. Alisema wakili hajui hata njia ya kufika kwetu, na mtu akitoa mbuzi amejitangaza kwamba ana bunduki, kesho askari watajua pa kuanzia. Nanok, kijana aliyekuwa ameoa juzi tu, akamuunga mkono, akasema mbuzi aliyebaki ni wa kunywesha watoto, si wa kunywesha mawakili.

Nilikuwa naomba kimoyomoyo washinde. Mbuzi wangu alikuwa mmoja, na yale maziwa ndiyo yaliyomshikilia Nabei, maana mahindi ya Kakuma yalikuwa yameisha.

Ndipo akasimama Lokuruka. Huyu ndiye tuliyemwona shujaa wetu, mwenye chale za vita kifuani.

"Bunduki ndiyo mlango wa boma," akasema. "Asiyetoa mbuzi, basi hana mlango. Na ngoroko wako na masikio."

Kelele zikaisha.

Umeelewa alichofanya? Ukitoa, serikali inajua unayo. Usipotoa, majambazi wanajua huna. Nilimchukia Lokuruka siku ile mpaka mate yakawa machungu.

Wa kwanza kwenda kuleta mbuzi alikuwa Akuwam, yule yule aliyekataa. Nanok akafuata. Hakuna mwanamume aliyebaki nyuma. Wakaniangalia mimi.

Nikamfungua jike wangu. Nabei alikuwa mgongoni, akanyoosha mkono kumshika mkia, akadhani tunacheza. Nilimkabidhi Adome kamba, nikaenda nyuma ya boma nikalia hadi sauti ikakauka.

Baada ya hapo Nabei aliishi kwa matunda ya porini na maji. Miguu ikaanza tena kuvimba.

Alfajiri moja, ngoroko wakaja.

Nilisikia mbwa, kisha risasi za juu, za kutisha. Nikamfunika Nabei kwa mwili wangu, nikangoja. Nilijua bunduki za wenzangu zitajibu sasa hivi. Hasa ya Lokuruka. Nilingoja ilie.

Haikulia. Haikulia hata moja.

Nikachungulia. Nanok alikuwa amesimama peke yake kwenye njia ya mifugo, amewaelekezea ngozi yake iliyofungwa, anapiga kelele warudi nyuma. Walisita kweli. Kwa kitambo kidogo walisita. Halafu mmoja wao akampiga risasi.

Walibeba kila kitu chenye kwato. Walipoondoka nilikuwa wa kwanza kumfikia Nanok. Ngozi ilikuwa imefunguka kando yake, na ndani mlikuwa na chuma cha baiskeli.

Nikaifunga tena haraka kabla wengine hawajaona. Sikutaka aaibike, naye ameshakufa.

Mazishini kila mwanamume alikuwa na maelezo. Mmoja alisema yake ilikwama. Mwingine alisema alilala boma la ndugu yake. Akuwam alisema risasi zilipata unyevu, na mvua hatujaiona tangu mwaka juzi. Sikumuuliza mtu. Ningeuliza kwa mdomo gani?

Njaa ndiyo iliyotukumbusha. Mifugo pekee ya kijiji kizima iliyopona ilikuwa ile tuliyompa Adome. Tukabeba watoto na ngozi zetu, tukatembea hadi Lodwar.

Tuliwakuta mbuzi wote nyuma ya nyumba yake, wazima. Wakili alikuwa bado hajaja. Adome alitupa maji, akatusikitikia kwa dhati, lakini kuhusu mbuzi akatikisa kichwa. Alisema ni mali ya chama sasa, na uvamizi wenyewe ndio ushahidi kwamba wakili anahitajika.

"Nikiwapa, bunduki zenu zitatetewa na nani?" akauliza.

 Walitazama chini, wanaume wenye manyoya ya heshima kichwani, na watoto wao wamelala chini hawana nguvu ya kufukuza nzi. Nilimgusa Nabei mgongoni. Shingo yake ilikuwa imelegea.

Hapo aibu ikanitoka. Sijui ilienda wapi, na haijarudi mpaka leo.

"Mwalimu," nikasema, "huyu mbuzi wangu ulimchukua juu ya bunduki, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtu hana bunduki, chama kinamdai nini?"

"Hakimdai kitu. Hayuko ndani ya chama."

Nikaiweka ngozi chini, nikaifungua. Bomba likabiringika hadi kwenye kiatu chake.

"Basi mimi sikuwahi kuwa ndani. Nipe mbuzi."

Nilitegemea wanaume wanicheke, au wanipige.  Badala yake Akuwam akachuchumaa polepole, akaanza kufungua ngozi yake. Ndani mlikuwa na mpini wa jembe. Aliyemfuata alikuwa na mguu wa kitanda. Mwingine fimbo tu, hata hakujisumbua kuichonga.

Kumbe wote walishauza. Wengine kwa mahindi, wengine kwa dawa. Tulikuwa chama cha wenye bunduki, na tulichokuwa nacho ni kuni. Mmoja akaanza kucheka, cheko likageuka kilio, wote wakamfuata.

Akabaki Lokuruka.

"Fungua na wewe twende nyumbani," Akuwam akamwambia.

Akafungua.

Ilikuwa bunduki. Bunduki kweli, imepakwa mafuta, risasi zimejaa.

"Ulikuwa nayo asubuhi ile?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nayo."

"Na Nanok alisimama peke yake."

Lokuruka akakaa chini kwenye vumbi. Sijawahi kuona mtu mkubwa akiwa mdogo namna ile.

"Nilingoja zenu zianze," akasema. "Nikasikia kimya. Nikajua nyinyi wote mmetoroka, mmeacha mimi. Nanok nilimwona. Nilidhani ana bunduki. Nilidhani atapiga."

Hakuna aliyemtukana. Tungemtukana tukiwa na uso gani, wakati kila mmoja wetu alikuwa amemdanganya?

Adome alifungua zizi. Lokuruka alikataa kumshika kamba mbuzi wake alipoletwa. Alisema yeye anayo, kwa hiyo sheria ni sheria, lakini kama chama kinakubali, mbuzi huyo apelekwe kwa mke wa Nanok pamoja na yule wa Nanok mwenyewe. Adome akakubali.

Mimi nilimkamua jike wangu pale pale, kwenye kikombe cha chai cha mwalimu. Tone la kwanza Nabei hakulimeza. La pili akalilamba. Jioni ile watoto wa Lokuruka nao walikunywa kwenye kikombe hicho hicho, maana baba yao alibaki na bunduki tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu maradhi yalikuwa ya wote, kifo kikawa cha Nanok.

Mtu akiniuliza funzo, namwambia hivi. Siku mnapokaa kikao cha kuchangia nguvu zenu, kabla hamjatoa hata shilingi, mtu mmoja aulize kwanza nani hana kitu. Najua ni vigumu kuwa wa kwanza kufungua ngozi. Ningekuwa nimeifungua pale kwenye lugga, Lokuruka angejua yuko peke yake, tungehamisha watoto na mbuzi mapema, na Nanok leo angekuwa mzee.

Nabei ana watoto wake sasa. Lile bomba analo yeye, anakomea nalo mlango wa zizi.