Vidole Vyangu Kwenye Viazi vya Mama

Nilifanya makusudi. Nasema mapema, asije mtu akanionea huruma bure.

Nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya kilimo hapa Tukuyu. Tunapima mbegu za viazi za wakulima kabla hazijapandwa. Mwenzangu mmoja, nimwite Ambakisye, alinipora. Njia ya kupima niliyohangaika nayo miezi na miezi, yeye kaipeleka kwa bosi kama yake, akapewa uongozi. Halafu ananituma chai. Mimi! Nikaapa nitamkomesha.

Nilijua pa kumpatia. Kirusi cha viazi tunakitambua kwa RNA yake, yaani chembe zake za urithi, na RNA ni dhaifu jamani. Ngozi ya vidole vyako tu ina vimeng'enya vya kuikatakata ikaisha kabisa. Ndiyo maana hatugusi kitu bila glavu.

Mchana alipoenda kula, nikavua glavu. Nikapitisha vidole ndani ya vifuniko vya vichupa vyake vya sampuli, kimoja kimoja, huku nacheka peke yangu.

Majibu yakatoka matupu, hata ya kiazi tulichojua kina kirusi! Ambakisye akafokewa mbele yetu wote, akavuliwa uongozi. Weee, chai ya siku ile ilikuwa tamu!

Ila dawa za kupimia zilikuwa zimeisha. Wakulima wakaambiwa wasubiri nyingine. Mvua zikaanza, wakachoka kusubiri, wakapanda hivyo hivyo.

Vichupa vina namba tu, havina majina. Ningejuaje kwamba namba kumi na moja ni ya mama yangu, kule Lufingo?

Nilipoenda kumwona, shamba zima majani yamejikunja, yamekuwa njano. Kavuna viazi kama gololi, na mbegu nyingine hana.

"Ndaga, asante kwa kuja, mwanangu," akasema. "Eti kuna mtu huko kwenu kaharibu vipimo vyetu. Unamjua?"

"Ni Ambakisye, mama."

Ndiyo, nilisema hivyo! Hata pale sikukoma.

Akafumba macho. "Bwana, mikono iliyoharibu vile vipimo, ikauke."

Nikaitikia amina.

Wewe unayepanga kumkomesha mtu kazini, mfuate umseme usoni, mgombane, yaishe. Kazi yake usiiguse, hujui ni ya nani. Ambakisye bado namchukia, sifichi. Lakini mama anairudia ile sala kila Jumapili, na tukisali hunishika mikono yote miwili.