Nywele Alizotapika Paka wa Bibi

Nilipokuwa mtoto, kijiji kizima hakuna aliyeniweza kwa kutia chumvi. Shule niliishia la nne. Walimu waliona nikiendelea nitawamaliza maneno. Nikikutana na nyoka wa shubiri moja, akifika nyumbani ni chatu, kameza ng'ombe wawili, na mmoja alikuwa na mimba. Watu wanacheka, mimi naongeza. Siku moja hawakucheka.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Kharumwa, nyumba zimepangwa mistari, majirani hatujajuana vizuri. Bibi yangu Kabula, mama yake baba, alikuwa na macho mekundu. Leo kila mtu anajua ni moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe miaka sitini. Wakati ule macho mekundu yalikuwa kesi ya uchawi. Nafikiri kilichomsaidia asiguswe ni paka wake wa kijivu, tulimwita Bwana Shamba, maana alikagua maghala ya watu wote bila kuitwa. Panya walikuwa wanamwamkia.

Kiangazi kile Bwana Shamba akagoma kula siku tatu. Anachuchumaa nyuma ya ghala kama anataka haja, hakitoki kitu. Anatafuna majani kama mbuzi. Asubuhi moja akaingia kwa Mama Shija, mke wa baba mkubwa, ambaye mtoto wake mchanga alikuwa na homa. Akakunja mgongo, akakohoa, akatapika juu ya mkeka wa mtoto.

Sasa, kwetu paka akitapika penye mgonjwa, maana yake ameona kitu cha mchawi akakimeza. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

Nilifika wa kwanza. Kilikuwa kitu cha kijivu, cha nywele, urefu wa kidole. Kidole tu, haki ya Mungu. Nikatoka mbio: "Nywele! Nywele za bibi! Zinatembea!"

"Zinatembea?" akauliza Mama Shija.

"Zinatembea, na zimelia."

Sikuwa na nia mbaya. Bibi ana mvi, kile kitu kina rangi ya mvi, mdomo ukamalizia wenyewe. Jua halijapanda, uani pamejaa watu. Baba mkubwa akasema anakwenda kumleta mganga wa kupasua kuku, asome matumbo yake, na jioni wakirudi wamkute Bibi amefunga mzigo. Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma alifungasha hivyo hivyo mwaka uliotangulia. Hakufika alikokuwa anakwenda, na hakuna aliyeuliza.

Bibi alikaa kizingitini. Baba anatazama chini.

Ndipo akaja Mama Zuberi, mke wa mwenye duka, mtu mwenye asili ya pwani, kufuata maziwa yake.

"Hodi! Mbona kama msiba?"

Wakamweleza. Akachukua kijiti, akakigeuza kile kitu, akakimwagia maji.

"Hee! Haya si manyoya ya paka jamani? Mimi ninao watano, wananitapikia haya mpaka kwenye msala wa kuswalia."

"Mtoto ameyaona yanatembea," akasema Mama Shija.

Mama Zuberi akanigeukia. "Yalitembea kwenda wapi, mwanangu?"

Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nikafungua mdomo, nikatafuta pa kuyapeleka. Macho yakakutana na ya Bibi.

"Hayakutembea," nikasema. "Na hayakulia."

Baba akainua mkono anizabe. Bibi akasema, "Mwache. Si amesema?"

Mama Zuberi akalowesha kiganja, akampapasa Bwana Shamba kutoka shingoni hadi mkiani, mara tatu. Mkono ukajaa manyoya. Akayaviringisha, akayaweka kando ya yale ya kwanza. Mapacha.

"Kiangazi wananyonyoka. Anajilamba, anameza, na tumbo halisagi manyoya. Yakijaa hali chakula, choo hapati, anatafuta majani yamtapishe. Leteni samli."

Akampaka mguuni. Paka hapendi uchafu, akailamba yote. Baba akamwambia Mama Shija ampeleke mtoto zahanati. Ikawa malaria, akapona. Sisi tukabaki kumlinda paka kama mkuu wa mkoa.

Alasiri Bwana Shamba akaenda nyuma ya ghala, akachimba, akajisaidia. Baba akapasua kinyesi kwa kijiti: kimefungwa manyoya ya kijivu kama kamba. Akaita majirani, mstari kwa mstari, waje kuona. Baba mkubwa na mganga walitukuta tumepanga foleni mbele ya mavi ya paka. Mganga akachungulia, akasema kuku wake amechoka na safari.

Bibi hakunisema hata siku moja. Kesho yake nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," nikiwa nimejificha nyuma ya mlango, akaitikia, "Marahaba ng'wana," yaani mtoto, kwa sauti ile ile ya siku zote. Mpaka leo namshukuru kwa lile "marahaba" kuliko kitu chochote nilichopewa. Na Mama Zuberi namwombea, maana aliangalia matapishi ambayo sisi wote tuliyaogopa, na akaniuliza swali moja tu.

Bibi alikufa miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa uzee. Kwetu, kwa mwanamke mwenye macho yale, hicho hakikuwa kitu kidogo.