Madirisha Niliyoyaziba

Mimi ni bahili, nalisema mwenyewe kabla mdogo wangu hajawaambia. Na Maskati imenizidishia. Kiangazi hapa kiyoyozi hakizimwi, na bili ya umeme ikiingia kwenye simu unakaa chini kwanza ndipo uisome. Mwaka ule mdogo wangu alipokuja kuishi nami katika chumba changu cha Mabela, ghorofa ya juu kabisa ambako jua linapiga dari tangu asubuhi, niliapa hakuna ubaridi wangu utakaotoka nje bure. Nikanunua solotepu pana za kijivu, nikaziba madirisha yote mawili pembe kwa pembe. Nikaziba na tundu linalopitisha bomba la kiyoyozi. Chini ya mlango nikagandisha kipande cha mpira. Bili iliyofuata ilishuka kweli, na nilijisifu wiki nzima.

Ulibaki mlango wenyewe, na huo ndio ulikuwa ugomvi wetu. Mdogo wangu akiingia alikuwa anausahau wazi.

"We! Unataka kupoza Mabela nzima?" nilikuwa namfokea. "Kwani unalipa wewe?"

"Samahani, dada," alikuwa anajibu, anarudi kuufunga polepole. Yeye ni mpole, sijui alimrithi nani. Ana miaka ishirini na miwili, lakini kwetu kitinda mimba ni mtoto mpaka anaota mvi. Alipanda ndege kwa sababu mimi nilimwambia mama, "Mlete, nitamwangalia."

Baridi ya hapa mwanzoni niliicheka. Natoka Njombe bwana, tena kule juu ambako majani yanaamka na barafu. Wenyeji wakivaa majaketi na kofia za sufu nilikuwa naona vituko. Lakini Januari ile mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, wadi, yale makorongo makavu ya hapa, zikajaa maji, barabara zikafungwa, na vigae vya sakafu vikawa havikanyagiki bila soksi. Kiyoyozi chetu kilikuwa cha kupoza tu. Hita ya chumba? Nimsikie nani akiitaja! Hata ya maji ya kuoga niliiwasha robo saa kwa siku, nimesimama pale pale naangalia saa. Mdogo wangu alikuwa na mafua, anatetemeka chini ya mablanketi mawili, na sare zake za kazini, kule Azaiba anakosaidia kulea watoto wa chekechea, zilikuwa hazijakauka tangu Jumatano.

Ijumaa asubuhi nikakumbuka jiko. Tulikuwa na jiko dogo la mkaa la kuchomea mishkaki barazani, nje ya mlango wetu. Kwetu baridi ikikaza jiko linaingia ndani, na sheria yake kila mtoto anaijua: liwashwe nje, lisubiriwe mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu yote, ndipo liingie. Nikafanya hivyo hivyo. Nililipepea barazani mpaka halikuwa na moshi hata wa dawa, nikaliweka katikati ya chumba, nikatandaza sare kwenye viti kulizunguka. Mdogo wangu akatoa mikono ndani ya blanketi.

"Kama nyumbani," akasema.

Nikashuka kwenda kununua tangawizi. Mlango niliufunga vizuri nyuma yangu.

Chini kabisa anakaa mwenye nyumba wetu, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, na wewe hupiti mlangoni kwake bila kunywa kahawa. Nilipokuwa narudi akaniita. Nikakaa. Tukaisema mvua, tukaisema bei ya nyanya za soko la Mawaleh, nikacheka, nikala tende. Ilikuwa karibu saa nzima tangu nitoke juu. Alipoinama kunimiminia kikombe cha tatu, akanusa koti langu.

"Mwanangu, nnasikia harufu ya makaa. Ushafukiza udi?"

"Hapana bibi, ni jiko. Mdogo wangu anasikia baridi, nimemwekea ndani."

"Ndani?"

"Limeshaiva, halina moshi."

"Na madirisha ushayafungua?"

Nikasimama na kikombe mkononi. Nyumba ya mama, kati ya ukuta na bati, unapitisha mkono mzima. Upepo unaingia na kutoka utakavyo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kutufundisha kufungua dirisha. Na chumba kile cha juu nilikuwa nimekiziba mimi, tundu kwa tundu.

Kikombe sijui nilikiacha wapi. Ngazi zile nilizipanda nikimwita tangu chini, na kila ghorofa nilikaza masikio. Hakuitika. Jamani, niliogopa. Nikawa napanda kwa mikono na miguu.

Alikuwa sakafuni, karibu kabisa na mlango, shavu kwenye kigae. Nilimwinua kichwa, shingo ikalegea mkononi mwangu. Nikamwacha, nikakimbilia dirisha. Solotepu ilikuwa imepikwa na jua la kiangazi kizima, imeshikana na fremu haibanduki. Nikakwangua mpaka kucha mbili zikang'oka.

"Acha dirisha!" bibi alikuwa amefika ngazini, anahema, simu ya kuita gari la wagonjwa sikioni. "Mtoe mtu, mtoe nje!"

Nikamburuta kwa makwapa hadi barazani, mvua ikamnyeshea usoni. Bibi akapiga magoti, akawa anamsomea dua. Mimi hata kuomba sikuweza. Nilikuwa nasema neno moja tu, "Nitamwambia nini mama, nitamwambia nini mama," na midomo ya mdogo wangu ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuitaja.

Hospitali wakamvisha barakoa ya oksijeni. Daktari aliuliza maswali, bibi akanitafsiria, nami nikajibu yote nikiangalia sakafu. Sumu iliyomo kwenye hewa ya mkaa haina harufu wala moshi, alisema, na mtu huipumua akidhani ana usingizi tu. Kama atazinduka salama, hakuweza kuniahidi. Nilikaa pale nimeshika mguu wake juu ya shuka, kwa sababu mguu ulikuwa wa moto, na niliogopa nikiuachia utapoa.

Baada ya alasiri akafumbua macho. Akanitambua, akaniita dada. Nililia kwa sauti, manesi wakageuka kunitazama. Nilipotulia nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu asubuhi.

"Ulikuwa umefika mlangoni. Kwa nini hukufungua?"

Akaisogeza barakoa kidogo.

"Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikaamka nitoke nje," akasema. "Nikakumbuka joto litaisha, utagomba. Nikasema nikusubiri hapo hapo, uje ufungue mwenyewe."

Halafu akaniomba samahani.