Bidon ya Marakuja

Mume wangu alikunywa kifo chake akicheka, glasi mkononi, ili wageni wajue kinywaji chetu hakina sumu.

Msishangae. Kwetu Uvira hunywi cha mtu mpaka mwenyewe aonje kwanza. Tunaita kutoa sumu.

Nianze mwanzo. Nyumbani, mtaa wa Rugenge, nilikuwa napika kanyanga, pombe kali ya kienyeji, naitia marakuja na maganda ya machungwa, naifungia kwenye chupa gizani mwezi mzima, kisha naichuja. Ukifungua moja, mtaa wote unajua!

Zile za mwaka wa tisini na nane zilikuwa za harusi ya wifi yangu, Émérance. Miaka thelathini na minne, masimango ya watu yamemchosha, hatimaye kapata mchumba.

Vita ikaingia mjini. Tukafunga mizigo kukimbilia Burundi.

"Na chupa zangu?" nikamuuliza mume wangu, Gaspard.

"Acha! Basoda na bunduki zabo batakunywa yote."

Roho iliniuma. Nikazimimina zote kwenye bidon moja ya plastiki, nikaifukia jikoni, tukaondoka.

Tuliporudi baada ya miezi mitatu, nyumba ilikuwa imeporwa hadi milango. Bidon ilikuwepo! Nililia kwa furaha. Hatukuwa na kitu kingine cha kupokelea wakwe.

Siku yao ilipofika, Émérance alimimina mwenyewe.

"Mutoe sumu kwanza," akasema shangazi wa bwana harusi.

Gaspard akacheka. "Mama, miye niko kaka yake. Mutaona!"

Akapiga glasi nzima. Akaongeza ya pili, kwa majivuno tu.

Kabla chakula hakijaletwa, jasho likamlowesha shati, povu likamtoka mdomoni. Hospitali nayo ilikuwa imeporwa, hata serumu ya kumtundikia hakuna. Alinifia mikononi.

"Mulozi!" Shangazi akamnyooshea Émérance kidole. "Ni weye ulimimina!"

Wakwe wakaenda zao. Majirani wakaanza kuokota mawe.

Émérance akanigeukia. "Wifi, sema kitu. Weye unanijua."

Sikusema kitu.

Alishika njia ya Bijombo, kule milimani, na kitenge chake kipya cha harusi. Nimemuulizia miaka yote hii, hakuna aliyemwona.

Sasa sikieni. Bidon ile niliitoa shambani kwetu Luberizi. Ilikuwa ya dawa ya wadudu wa mpunga. Niliiosha mara tatu, kwa mchanga na maji ya moto, nikaona imetakata. Gaspard alipoanguka tu, nilijua.

Mnaotengeneza vinywaji nyumbani, wekeni kwenye chupa safi za kioo. Bidon ya dawa haitakati hata uisugue vipi. Sumu inajificha kwenye plastiki, na pombe ndiyo inayoitoa.

Mkitaka kunitukana, nitukaneni. Maneno haya ya bidon ningeyasema siku ile ile, yasingemaliza hata dakika.

Émérance, kama uko hai na kuna mtu anakusomea haya, haikuwa weye, ni mimi.