Baruti ya Ardis

Lavern Skogland alikuwa mtu wa maneno machache, na mkewe Ardis alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Ardis aliendesha saluni katika chumba cha mbele cha nyumba yao, hapa Dunmore Flat, Montana, na sisi majirani tulikatwa nywele huku tukipata habari za wilaya nzima. Lavern alifanya kazi kwenye ghala la ngano mpaka akastaafu. Ukimuuliza siri ya ndoa kudumu, alikuonyesha mlango wa ngazi za kushukia chumba cha chini.

Chumba hicho kilikuwa chake. Humo ndimo alimojaza risasi za bastola yake. Kwetu hilo si ajabu. Majira ya baridi, wanaume wengi na wanawake kadhaa hukutana Jumatano jioni kwenye ukumbi wa klabu kulenga shabaha za karatasi, na anayependa kulenga sawasawa hujaza risasi zake mwenyewe. Anaokota maganda aliyokwisha kuyapiga, anayasafisha, anatia kitakoni fataki mpya ya kuwasha baruti, anamimina baruti, kisha anabana kichwa cha risasi mdomoni. Penye kazi ni hapo kwenye baruti. Ikizidi, bastola yaweza kukupasukia mkononi. Ikipungua mno, kichwa kinakwama ndani ya mtutu, na ole wake atakayefyatua ya pili nyuma yake. Hata pasipo hatari, ikiwa hii imezidi kidogo na ile imepungua kidogo, matundu kwenye karatasi hutawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Lavern alikuwa na kipimio kilichofungwa ukingoni mwa meza, chenye kopo la baruti juu na mpini ubavuni. Ukiinua mpini, tundu la ndani linajaa. Ukiushusha, baruti inamiminika kwenye ganda. Alipenda kusema kwamba kipimio ni chuma tu, anayepima ni mkono. Mpini uende juu kwa nguvu ile ile, ugote pale pale, urudi kwa mwendo ule ule, kama unavyosukuma kitanda cha mtoto anayekaribia kulala. Kopo lisiachwe likakaribia kuisha, maana baruti iliyo juu ndiyo inayoshindilia iliyo chini. Kila baada ya maganda machache, alimimina moja kwenye mizani. Mwisho alipita na taa juu ya kibao alichopangia maganda, akichungulia ganda moja moja kuona kama baruti imelingana.

Na alikuwa na miiko. Tanuri la kupasha nyumba joto lizimwe, kwa sababu upepo wake huchezesha mizani. Redio isiwashwe. Mtu asiongee. Juu ghorofani Ardis alikaa amejifunika blanketi, akilalamika kwa sauti ya kutosha kusikika chini kwamba ameolewa na samaki wa kwenye barafu. Mwiko mkubwa kuliko yote ulijulikana klabu nzima: Lavern hakupiga risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Hata iwe ya nani.

Jumatano moja ya Januari, Lavern alisimama kwenye mstari karibu na Orrin Tvedt, mkulima wa ngano, rafiki yake tangu utoto. Matundu yake yalikuwa yametapakaa.

"Leo mkono wako umelewa, mzee?" Orrin akamtania.

"Mkono haunywi. Mwenye mkono ndiye anayekunywa, na anayekunywa hapa ni wewe."

Akalenga tena. Badala ya mlio, ikatoka *puf*, kama mtu aliyeziba kikohozi kwa mto. Lavern alikuwa ameshaanza kubana kidole kwa ajili ya nyingine.

"Shusha, Lavern," Orrin akasema taratibu. "Shusha chini. Acha kidole."

Lavern akashusha. Orrin akaifungua ile bastola, akatoa risasi zote, akaingiza kijiti cha mbao kwenye mtutu. Kijiti kikagota katikati. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama humo. Watu wote ukumbini waliona, na hakuna aliyefungua mdomo, na huko kunyamaza ndiko kulikomuumiza zaidi. Angalitukanwa angalipata la kujibu.

Kesho yake alizifumua risasi zote alizojaza wiki hiyo na kuipima baruti ya kila moja. Nyingine zilizidi, nyingine zilipungua. Akailaumu mizani, akaazima ya Orrin. Ikamwambia yale yale. Akailaumu baruti kwamba imekula unyevu, akafungua kopo jipya. Akaulaumu upepo unaopita chini ya mlango, akauziba kwa taulo. Ardis alimsikia huko chini akiinua na kushusha mpini, akinung'unika, akimwaga, akianza upya. Mwishowe akashuka na kikombe cha kahawa.

Alisimama kwenye ngazi akamtazama. Mkono wa kulia ulipofika kwenye mpini ulianza kutikisika. Ukaupandisha vizuri, lakini pale juu ukagota mara mbili, tatu, kama mtu anayebisha hodi, na kila kugota kukashindilia baruti zaidi. Lavern alipolibeba ganda lililojaa kwenda kulitia kichwa, chembe nyeusi za baruti zilidondoka mezani. Zilikuwa zimeenea hata sakafuni, karibu na kiti. Kuchungulia kwake kwa taa kulikuwa hakusaidii kitu, maana baruti ilimwagika baada ya kuchunguliwa.

"Lavern."

"Unaongea."

"Naam, naongea. Mizani ni nzima."

"Baruti basi."

"Na baruti ni nzima." Akaweka kikombe, akavuta kigoda, akaufunika mkono wa mumewe kwa wa kwake. Ukaendelea kutetemeka chini ya kiganja, kama ndege aliyeshikwa.

Lavern aliitazama ile mikono miwili. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mavuno. Vifungo vya shati. Halafu ukaanza kumimina kahawa kwa kushoto. Unadhani nilianza kukunyoa ndevu kwa sababu nakosa wateja?"

"Na hukusema."

"Si wewe uliyenikataza kuongea huku chini?"

Lavern akacheka, kicheko kikakatikia njiani, akainamisha kichwa. Ardis akakaa naye hivyo hivyo mpaka kahawa ikapoa. Aliniambia baadaye kwamba habari hiyo, yeye ambaye hakuwahi kuificha habari ya mtu yeyote, aliibeba miezi yote ile bila kumwambia mtu.

Binti yao, Maren, akaja kutoka Billings akampeleka baba yake kwa daktari. Ulikuwa ule ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson, ambao hauna tiba bali dawa za kuutuliza. Siku aliyorudi, Lavern alishuka chini, akaanza kufungua skrubu za kipimio na kupanga vitu kwenye maboksi.

"Vinakwenda wapi?" Ardis akauliza.

"Kwa Orrin. Sina kazi navyo tena."

"Na Jumatano?"

"Jumatano nitakaa nyumbani na wewe."

"Mungu aepushe. Rudisha hicho kidude mahali pake. Nifundishe mimi."

"Wewe bunduki huzipendi."

"Wala sizipendi. Nakupenda wewe. Na Jumatano ndiyo siku pekee unayorudi una hamu ya kula."

"Ardis, hii si kazi ya kubahatisha."

"Nimeshika mkasi karibu na masikio ya mji huu tangu Maren hajazaliwa. Umeona mtu anayetembea na sikio moja?"

Kipimio kikarudi mezani.

Kufundishana kwao kulikuwa na vituko. Tanuri likazimwa, wakavaa kofia za sufu, wakagawana blanketi moja magotini. Lavern akakaa kushoto kwake, mikono ameikunja kwapani isimwangushie kitu. Ardis akainua mpini.

"Juu, enhe, chini. Unajua Gladys ameenda tena kwa yule—"

"Imwage."

"Nini tena?"

"Umeongea. Hujui kama ulikuwa unapandisha au umeshashusha. Ukiingiza mara mbili ganda moja, bastola inapasuka. Imwage, anza upya."

"Nimemaliza sentensi nusu tu."

"Na mimi nitabaki na vidole nusu."

Akaimwaga. Baadaye kidogo akaguna tu, si neno, akaambiwa aimwage. Akapandisha mpini kwa haraka kama anayefukuza nzi, akaambiwa aimwage. Jioni ile hawakupata hata risasi moja. Ardis alipanda juu amenuna, akisema kwamba hata kanisani watu huruhusiwa kuitikia amina.

Lakini akarudi kesho yake, na keshokutwa. Polepole akagundua kwamba mkono unajua wenyewe ukiachiwa. Mkasi nao ni hivyo: ukiufikiria sana unakata vibaya, na ukiusahau pia unakata vibaya. Akaupata mwendo. Mpini juu, ukagota, chini, ukagota. Ganda likatoka, likaingia jingine. Aliponyamaza ndipo alipoanza kusikia vitu: baruti ikiteremka kwa mchakacho mwembamba, bonge la theluji likidondoka kutoka kwenye paa, pumzi ya mumewe kando yake. Miaka yote hiyo ya ndoa, aliniambia, hakuwahi kukaa karibu na Lavern muda mrefu hivyo bila kumwambia kitu, na ilimshangaza jinsi alivyomsikia.

Lavern akasema, "Pima." Akamimina kwenye mizani. Mshale ukayumba, ukatulia penye alama.

"Tena." Ukatulia pale pale.

"Tena." Pale pale.

Lavern hakumsifu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blanketi, na kwa kuwa mkono ulikuwa unatikisika ilimchukua muda mrefu. Ardis akaichukua akamfutia, akamvisha.

Jumatano ya kwanza ya Machi, Lavern akarudi klabu. Walimwekea kiti. Alipofungua kiboksi chake, Orrin akasogea kutazama.

"Nimesikia mikono imegoma. Hizi ni za nani?"

"Za mke wangu."

Waliokuwa karibu wakageuka. Orrin akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mimi nilikusimamia harusi yako. Tumewinda pamoja tangu hatujaota ndevu. Siku moja uliishiwa, nikakupa zangu, ukaona afadhali urudi nyumbani. Leo unapiga za Ardis?"

"Wewe silali nawe kitanda kimoja."

Ukumbi ukacheka, na Lavern akavaa vizibo vya masikio. Aliishika bastola kwa mikono miwili, akaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, akasubiri mtikisiko upungue, akafyatua. Akasubiri tena, akafyatua. Alipomaliza, Orrin akavuta karatasi.

"Yametawanyika," akasema, kwa upole.

"Huo ni mkono wangu. Wewe uliusikiliza mlio?"

Orrin akafikiri. "Mmoja," akasema. "Zote zimelia mlio mmoja."

"Basi."

Nyumbani, Ardis alikuwa hajashika mkasi tangu mumewe atoke. Alikuwa amechungulia kila ganda kwa taa, akapima, akachungulia tena. Hata hivyo gari la Orrin lilipomchukua Lavern, hakuweza kutulia. Aliosha vyombo visafi. Alivaa koti amfuate, akalivua, akalivaa. Gari liliporudi alibaki ameshika ukingo wa sinki, ameupa mlango mgongo.

Lavern akaingia, akakung'uta theluji viatuni. "Kuna chakula?"

"Kuna viazi na nyama ya paa," akasema bila kugeuka, maana machozi yalikuwa yanamtiririka. Lavern akaja akasimama nyuma yake, akaweka kidevu begani kwake. Mkono wake ulitetemeka kiunoni mwa mkewe, na Ardis akauacha utetemeke.

Alipiga za Ardis kwa majira mawili ya baridi zaidi. Halafu mikono ikakataa kabisa, na akili yake ya usalama ikamwambia aache kabla ya kuambiwa. Tulidhani safari hii maboksi yatakwenda kweli kwa Orrin. Ardis akasema risasi zilizobaki zisiozee chini, akajiandikisha yeye mwenyewe klabu. Alikuwa analenga vibaya, nasema ukweli. Alifumba jicho lisilotakiwa, na alianza kusimulia kabla bastola haijapoa. Orrin alimwambia kwamba kama karatasi ingekuwa ghala la ngano, bado angelikosa.

Lavern alikaa nyuma yake kwenye kiti cha magurudumu, koti la sufu mpaka shingoni, vizibo masikioni, akimpa maagizo kwa sauti iliyokuwa imekuwa ndogo sana. "Punguza pumzi. Usiing'ang'anie. Acha kuongea." Ardis aliitikia kila agizo na kulifuata moja kati ya matatu.

Jumatano moja matundu yake matatu yaliangukia karibu karibu, mahali kiganja kingeweza kuyafunika. Haikuwahi kumtokea. Akaiweka bastola mezani, tupu na imefunguliwa kama alivyofundishwa, akageuka amwonyeshe. Lavern alikuwa amelala usingizi katikati ya milio yote ile, kichwa kimeinama upande, mikono imetulia mapajani kama inavyotulia ya wagonjwa wa aina yake wanapolala.

Orrin akataka kumwamsha.

"Mwache," Ardis akasema, na akasimama pale pale kumtazama, bila kuongea.