Tulivyopanda na mama mkwe boti ya kulala kwenye ghuba ya visiwa

Wakuu, heshima kwenu. Hii siongezi chumvi, wife yuko hapa pembeni anasoma kila ninachoandika.

Mimi ni Mnyaturu wa Issuna, nimeoa Kinampanda, kule Iramba. Mama mkwe kafiwa na mzee mwaka jana, na tangu hapo ni shambani na kanisani tu. Wife akasema tumtoe kidogo aone dunia. Aka-book boti huko Mwanza, inawapeleka kwenye ghuba moja tulivu ya ziwa, visiwa kila upande, mnalala humo humo majini, kesho mnarudi.

Hatukuuliza boti yenyewe ikoje. Hapo ndipo tulipobugi.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawali meza moja wala hawalali chini ya paa moja. Hata shikamoo natoa nikiwa mbali, macho chini.

Tunafika, boti ina meza moja na vyumba viwili vimebanana.

Mama akagoma kupanda. Akamwambia binti yake, "Nendeni wanangu, mimi nitawasubiri hapa."

Wife machozi yakamlenga. Safari ni ya mama, akibaki sisi tunaenda kufanya nini?

Nikamwomba nahodha godoro, nikasema nitalala juu ya paa. Mama akafikiria weee, mwisho akapanda.

Wakuu, huko juu ni raha. Maji yametulia, visiwa vinapita kimoja kimoja, majabali yamepandana kama yale ya ziwa letu la Singidani. Nikajiona mkwe bora Iramba nzima.

Asubuhi wife kaniletea chai. Nikamuuliza mama kapaonaje.

"Apaone wapi? Kidirisha chake kinaonyesha maji tu. Anatamani kuja huku juu, ila upo wewe."

Niliumia sana. Heshima yangu ndiyo iliyomfungia mama wa watu chumbani, na boti ndiyo inawasha injini kurudi.

Nyuma kulikuwa na mtumbwi mdogo unaovutwa kwa kamba. Nikavaa life jacket, nikashukia humo. Nahodha akakataa kuondoka nikiwa humo. Nilipomweleza akacheka, kumbe naye kaoa. Akasema atakwenda mdogo mdogo.

Mama akapandishwa juu. Mimi nikakaa nimewapa mgongo, suruali imeloa, wavuvi wanapita wananiuliza nimekosa nini.

Mara nikamsikia mama, sauti ya juu kabisa:

"Mwambie mumeo ageuze shingo asikose kile kisiwa cha ndege. Mwambie haraka, kinapita."

Nikageuza shingo tu, mabega nikayaacha palepale. Kisiwa chote kilikuwa cheupe kwa ndege. Wife anasema mama alikuwa amesimama, ananyoosha kidole.

Nilichojifunza: heshima ni nzuri, ila muulize na unayemheshimu.

Sasa mama anauliza tunarudi lini. Mlio na wakwe tiririkeni, ninyi mnasafiri nao vipi? Mwenye kujua boti yenye mtumbwi usiovuja aniambie mapema.