Rimu Iliyopika Pilau ya Zuhura

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kisarawe, maana wao wanaitia chumvi, na ilivyo tu inatosha kunizika.

Zuhura, binti wa dada yangu, alikuwa anaolewa, na tangu yuko darasa la kwanza nilimwahidi kwamba siku ya kutoka nyumbani nitamwendesha mimi, kwa gari langu. Kigari ninacho (msicheke, kinanifikisha kazini Tumbi), ila rimu zake za alumini zilikuwa zimetoka ukurutu mweupe kama mtoto asiyepakwa mafuta. Nikasema bibi harusi hapandi aibu hii. Nikanunua dukani pale Kwa Mathias brashi ya waya, msasa na polishi, nikaiacha spea nyumbani ili magunia ya mchele wa pilau yaenee kwenye buti, huyoo Kisarawe.

Asubuhi ya harusi nikalipandisha gari juu ya matofali uani kwa dada, fundi pancha wa jirani akavua matairi (ukurutu ulishaingia hadi ukingoni), nikakaa kwenye kigoda nasugua huku naimba, mpaka ukiinama unaona meno yako. Ikabaki polishi tu. Nikazisuuza, nikazianika kando ya masufuria yaliyooshwa, nikaenda kuoga na kuvaa kanzu.

Kurudi, rimu tatu.

Ya nne iko juu ya mafiga, imejaa mkaa mwekundu, na juu yake sufuria la pilau ya harusi nzima. Bi Mwanahawa, mpishi mkuu, anaipepea.

"Shikamoo mama, hiyo rimu ni ya gari langu!"

"Marahaba. Na hili je?" Akanionyesha jiko lake la siku zote, rimu kuukuu ya lori. "Mwanangu, huku tunapikia rimu. Wewe umeisugua, umeiosha, umeileta jikoni. Ulitaka nidhani ni kofia?"

"Naomba tuishushe."

"Shusha. Halafu wageni ukawaambie pilau mbichi umepika wewe."

Nikasimama pale na kanzu yangu nikiisubiri pilau iive (na ilinukia vizuri, hilo ndilo lililoniuma zaidi). Iliposhushwa, ukingo wa rimu ulikuwa umelegea kama mshumaa, fundi pancha akajaribu kuvisha tairi, akatikisa kichwa. Spea nimeiacha nyumbani. Gari liko juu ya matofali, limepambwa maua. Na Zuhura ndiyo huyo anatoka, watu wote wananitazama mimi. Machozi yakanitoka, tena ya kweli.

"Mjomba, fungua mlango."

"Mwanangu, haliendi."

"Naona. Lakini uliniahidi. Washa."

Akapanda na shela lake lote, nikawasha, nikapiga honi, wanawake wakatuzunguka kwa vigelegele, mpiga video akawa anarudi kinyumenyume kana kwamba tunamfukuza, nasi tukaenda, tukaenda, pale pale juu ya matofali. Kisha akashukia mlango wa pili, akapanda bajaji kwenda kwa mumewe.

Rimu nimemwachia Bi Mwanahawa, anasema moto wake umetulia. Mimi nimeapa: siku ya shughuli sing'arishi kitu tena, hata viatu, na spea haishuki kwenye buti. Juzi Zuhura kanipigia, ni mjamzito, anataka siku ikifika nimpeleke hospitali mimi mwenyewe. Zile rimu tatu zimeanza tena ukurutu. Nimeuacha hivyo hivyo.